Tusingoje Baiskeli za Gia Nyingi

Mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli yalifanyika Kigali kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, nayo yalikuwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mbio za wanaume za siku ya mwisho zilikuwa za kilomita 267.5, na milima iliyopandwa, ikijumlishwa, ilizidi mita 5,000. Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeshinda. Na katika waendesha baiskeli zaidi ya 160 walioanza, ni 30 tu waliofika mwisho. Tangu siku hizo si ajabu kumsikia askari kijana, wa jeshi au wa polisi, akisema kwamba yeye naye angeanza mazoezi mara moja lau angepatiwa baiskeli kama zile: nyepesi, yenye gia ishirini na nne.

Sisi twamwambia asingoje. Kungoja huko kumekwisha kuwa ugonjwa, na hautibiki kwa kuagiza vyombo kutoka ng'ambo. Anayetaka kuujua ukweli wa jambo hili na apande Busasamana.

Busasamana ni sekta ya Wilaya ya Rubavu, katika mkoa wa zamani wa Gisenyi, mpakani na Kongo. Ukitoka kando ya Ziwa Kivu, ambako nchi iko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, huna njia ya kufika huko ila kupanda. Ardhi ni ya volkano, nyeusi na yenye rutuba. Wenyeji hulima viazi, na viazi havingoji. Lazima viteremshwe sokoni kabla havijaharibika. Vingi huteremshwa kwa baiskeli, nayo si ile ya Kigali. Ni baiskeli ya chuma, uzito wake kiasi cha kilo 20, karia yake imeimarishwa kwa nondo, breki zake ni za vyuma virefu, na gia yake ni moja. Ng'ambo ya pili ya mpaka wako wenye chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali wala mnyororo, nacho hubeba mizigo ambayo pikipiki ingeikataa.

Vijana wanaoendesha baiskeli hizo, wale ambao Wanyarwanda huwaita abanyonzi, hawajasoma kitabu chochote cha mazoezi. Hata hivyo, mtazame mmoja wao akikikaribia kilima. Ataanza kuongeza mwendo hatua hamsini kabla ya mteremko wa chini kwisha, maana ajua kwamba mwendo ule ndio akiba yake. Atainuka juu ya tandiko mahali pale pale kila siku. Hatavuta usukani kwa hasira, wala hatapinda mgongo ovyo. Akiona pedali zimekuwa nzito mno atashuka, atasukuma, na juu ya kilima atapanda tena bila ya kuona haya. Hayo yote ameyafundishwa na gia moja.

Wala si maneno ya kuwasifu maskini kwa umaskini wao. Gasore Hategeka, aliyepata kuivaa fulana ya timu ya taifa ya Rwanda, alianza kwa kubeba watu na mizigo kwa baiskeli ya kawaida huko Sashwara, katika barabara ya Gisenyi na Ruhengeri, si mbali na Busasamana. Timu yenyewe ilianzishwa mwaka 2007 chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 2006, Tom Ritchey, fundi maarufu wa baiskeli kutoka California, alikuwa amesaidia kuandaa mashindano hapa Rwanda, na jina lake lilichukuliwa kutoka kwa zile baiskeli za mbao. Toka hapo Adrien Niyonshuti akaibeba bendera ya Rwanda katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Valens Ndayisenga akashinda Tour du Rwanda mwaka 2014 na tena 2016. Jeanne d'Arc Girubuntu akashiriki mashindano ya dunia huko Richmond, Marekani, mwaka 2015, na askari wetu wa kike yafaa walishike jina hilo. Joseph Areruya akashinda Tour du Rwanda mwaka 2017, kisha mashindano ya Gabon mwanzoni mwa 2018. Rubavu penyewe kuna klabu ya Benediction, ambayo imetoa waendesha baiskeli wengi wa taifa. Baiskeli nzuri walipewa, ndiyo. Lakini walipewa wakiwa tayari na miguu.

Ndugu askari, jeshi nalo lina historia katika jambo hili. Uswisi ni nchi ya milima kama ilivyo Rwanda. Mwaka 1905 jeshi lake lilichagua baiskeli ya gia moja kwa vikosi vyake vya baiskeli, yenye uzito wa zaidi ya kilo 23 kabla ya kupakiwa kitu chochote, na baiskeli hiyo ikatumika bila ya kubadilishwa sana hadi mwaka 1993, ilipoletwa nyingine yenye gia saba. Vikosi vyenyewe vilivunjwa mwaka 2003. Kwa miaka karibu tisini, basi, askari wa nchi tajiri, yenye viwanda vya saa na vya mizinga, alipanda milima ya Alps kwa gia moja, bunduki na shehena vikiwa juu ya baiskeli yake. Hatusemi kwamba alifurahi. Twasema kwamba alifika.

Wajapani walipoivamia Malaya mwezi Desemba 1941 walikuwa na askari wengi waliopanda baiskeli za kawaida, nyingi zikiwa zimenyang'anywa raia. Jua lilipopasua mipira walivua matairi wakaendelea juu ya rimu tupu, na imesimuliwa kwamba kishindo chake usiku kiliwafanya maadui wadhani ni vifaru. Singapore iliangushwa tarehe 15 Februari 1942. Vita vile vilikuwa vya uonevu na hatuvisifu. Tunachotaka kionekane ni kwamba chombo duni mikononi mwa mtu aliyezoezwa si kitu cha kuchekwa.

Hata katika Tour de France, ambayo sasa ni maonyesho ya mitambo mipya, gia za kubadilishwa njiani zilipigwa marufuku hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo waendeshaji walikuwa na gurudumu la nyuma lenye meno pande mbili: chini ya mlima wakashuka, wakaligeuza, wakapanda, kileleni wakaligeuza tena. Mwanzilishi wa mashindano hayo, Henri Desgrange, aliandika mapema kwamba gia za kubadilishwa zawafaa watu waliopita umri wa miaka 45. Hapo hatuko pamoja naye. Gia ni chombo chema, na anayeshindana leo bila ya gia ajisumbua bure. Neno letu ni la mazoezi, si la mashindano.

Basi gia moja hufundisha nini hasa? Tuichukue baiskeli ya kawaida, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Kila pedali inapozunguka mara moja, baiskeli husogea kiasi cha mita 5.4. Katika tambarare, mtu akizungusha mara 60 kwa dakika atakwenda karibu kilomita 20 kwa saa, na huo ni mwendo wa starehe. Sasa aingie katika mlima unaompunguzia mwendo hadi kilomita 8 kwa saa: miguu yake itazunguka mara 24 au 25 tu kwa dakika. Kila mzunguko ni kama kupanda ngazi akiwa na mtu begani. Pedali inapofika juu kabisa na chini kabisa hapo ndipo nguvu hukatika, na mwenye gia nyingi huwa hapaoni mahali hapo kwa kuwa hupapita upesi. Mwenye gia moja hupaona kila mara, naye hulazimika kujifunza kusukuma mbele kwa unyayo anapofika juu na kuvuta nyuma anapofika chini, la sivyo husimama.

Akivuka kilima na kuanza kuteremka, somo hugeuka. Baiskeli yakimbia, gia ni ile ile, na miguu yapaswa kuzunguka mara 90, mara 100, mara 110 kwa dakika. Mtu asiyezoea hurukaruka juu ya tandiko kama gunia tupu. Aliyezoea hutulia kiuno, miguu ikazunguka kama cherehani. Kwa hiyo chombo hicho kimoja, katika njia moja, humpa mtu nguvu ya polepole na wepesi wa haraka. Mwenye gia ishirini na nne hukimbia masomo yote mawili kwa kubonyeza kidole, akabaki siku zote katika mwendo ule unaompendeza. Ndiyo sababu hata Ulaya wako wanariadha ambao, wakati wa baridi, huziweka ndani baiskeli zao za bei na kufanya mazoezi kwa gia moja, tena wengine kwa ile isiyo na friwili, ambayo pedali zake haziachi kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka. Hiyo ya mwisho hatumshauri mtu kuijaribu katika miteremko ya Rubavu.

Lipo somo la tatu, nalo si la misuli. Ni la macho. Askari wa gia moja hujifunza kuitazama njia iliyo mbele yake na kuikadiria: mteremko huu utanipa mwendo wa kunifikisha wapi, jiwe lile nilipitie upande gani ili nisipoteze mwendo, upepo ule wa ziwani utanikuta kona ipi. Hafungi breki bila sababu kwa kuwa kila mwendo anaoupoteza ataulipa kwa mapaja yake. Hatuna haja ya kumweleza askari wa doria faida ya kuizoea ardhi kwa namna hiyo.

Sasa twaingia katika jambo ambalo wapenzi wengi wa mazoezi magumu hawalisemi, nalo ni magoti. Gia moja iliyo nzito kupita kiasi haimjengi mtu, humvunja. Tumekwisha kuona kwamba meno 44 kwa 18 katika mlima mkali hushusha mizunguko hadi 24. Anayelazimisha mwendo huo kila siku kwa ushujaa atapata maumivu mbele ya goti, na ushujaa wake utaishia zahanati. Dawa ni rahisi na bei yake ni ndogo: badilisha gurudumu la meno la nyuma. Ukiweka meno 22 mahali pa 18, kila mzunguko utakusogeza kiasi cha mita 4.5, na katika mlima ule ule miguu itazunguka mara 30. Katika tambarare mizunguko 90 itakupa kilomita 24 kwa saa, ambazo zatosha kabisa kwa mazoezi. Kwa nchi kama ya Busasamana sisi twaona 22 ndiyo kipimo cha kuanzia. Mwenye miguu imara atakuja kushuka hadi 20 baada ya miezi kadhaa. Na mizunguko ikipungua chini ya 30, ushuke usukume. Abanyonzi wanashuka, na wao si wavivu.

Urefu wa tandiko nao huua magoti kimyakimya. Askari wengi huketi chini mno ili miguu iguse ardhi. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Kisha ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, kama ipasavyo, goti litabaki limepinda kidogo tu. Kipimo hiki hakihitaji fundi.

Kwa mpango wenyewe wa mazoezi, siku tatu kwa juma zatosha kwa mtu mwenye zamu. Siku ya kwanza iwe ya tambarare, kando ya ziwa au popote palipo sawa, saa moja na nusu bila ya kushindana na mtu, huku ukihesabu mizunguko ya mguu wa kulia kwa robo dakika na kuizidisha mara nne. Siku ya pili iwe ya kilima. Chagua kimoja, kisibadilishwe. Panda dakika tatu umeketi, teremka, panda tena dakika tatu umesimama, na mwanzoni mara nne zatosha. Siku ya tatu tafuta mteremko mpole, mrefu, usio na magari mengi, ujizoeze kuzungusha haraka bila ya kurukaruka. Siku zinazobaki miguu ipumzike, maana misuli hujengeka wakati wa kupumzika, na askari aliyekesha kwenye lindo kisha akaenda kupanda kilima hajengi kitu. Andika tarehe na muda wa kile kilima. Baada ya majuma manane karatasi hiyo itakuambia zaidi ya alivyoweza kukuambia rafiki yeyote.

Mipaka ya mafunzo haya pia isifichwe. Gia moja haimfundishi mtu kubadili gia, na hilo ni ujuzi kamili katika mashindano. Haimfundishi kukimbia katikati ya kundi linalokwenda kilomita 50 kwa saa; kwa meno 44 na 18 angelazimika kuzungusha mara 153 kwa dakika, jambo ambalo hata bingwa hawezi kulidumisha. Atakayeonekana na kipaji apelekwe kwenye klabu, apewe baiskeli inayomstahili, na makamanda wasimzuie kwa kisingizio kwamba hata hii ya chuma yatosha. Yatosha kuanzia. Gharama ya baiskeli moja ya mashindano ingeweza kukipatia kituo baiskeli nyingi za kawaida, na miongoni mwa watu wengi ndimo kipaji huonekana.

Tumeacha breki hadi mwisho, nazo ndizo zingestahili kutangulia. Breki za vyuma virefu hubana rimu, na rimu ya chuma ikilowa mvua hushikika kwa shida. Rubavu mvua ni nyingi. Tunawajua abanyonzi wanaosimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu, na tunajua baadhi yao walivyoishia. Askari asiige hilo. Kabla ya kila mteremko apime breki zote mbili, mipira ya breki ibadilishwe kabla chuma hakijaanza kugusa chuma, na siku ya mvua aanze kubana mapema, kidogokidogo, ili rimu ikauke kwanza. Vumbi la mawe ya volkano hula mnyororo kama tupa. Upanguswe na kutiwa mafuta kila juma, na uachwe ulegee kiasi cha upana wa kidole, usikazwe kama waya wa simu.

Na kwa ndugu zetu polisi kuna neno moja zaidi. Kosa la abanyonzi linalojulikana kuliko yote ni kushika lori linalopanda mlima ili liwavute. Ni kosa la hatari, na wengi wamekufa kwalo. Askari wa barabarani hana budi kulizuia. Lakini askari aliyewahi kupanda kilima kile kwa gia moja, mwenyewe, pasipo hata gunia moja nyuma, atamsimamisha yule kijana kwa namna nyingine. Atajua kwa nini mkono ulinyooka kulishika lori. Ataweza kumwambia abadili meno ya nyuma, agawe mzigo wa magunia mawili uwe safari mbili, apumzike mahali fulani kabla ya kona kali, naye atasikilizwa, kwa kuwa kijana hutambua mara moja kama asemaye amewahi kukanyaga pedali au amezoea kiti cha gari tu. Adhabu itabaki pale pale penye sheria. Ushauri, hata hivyo, huenda ukamwokoa zaidi ya faini.

Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba vituo vya Busasamana na vya sekta jirani vitafute, kila kimoja, baiskeli mbili za kawaida na magurudumu ya meno 22 ya akiba, na kwamba Jumamosi moja kila mwezi waalikwe abanyonzi wawili watatu wenye heshima katika soko kuwaonyesha askari jinsi ya kuupanda mlima. Walipwe kwa saa zao, maana siku wasiyobeba viazi hawana chakula. Mkuu wa kituo naye apande. Asiyeweza kufika juu akiwa juu ya tandiko asukume kama wengine, na muda wake uandikwe katika karatasi ile ile.